Kiungo cha Pili

Mwanjaa amekwenda Mwanza kumsubiri mjukuu,
akaniachia funguo na makopo kumi na saba.
"Maua yangu," alisema pale stendi ya Kange,
mguu mmoja umeshaingia basini,
"usiyanyweshe kwa huruma."
Sikumwelewa. Kwani watu hunyweshea nini?

Hiyo ilikuwa Januari, jua bado lina adabu.
Februari ikaingia Ngamiani bila hodi.
Bati la Barabara ya Kumi na Nne likaanza kulia ta, ta, ta
tangu saa nne asubuhi,
sakafu ya ukumbini ikawa kikaango,
na feni, umeme ukikatika, ikaning'inia juu yangu
kama mgeni aliyesahau alichojia.

Nikayaonea huruma.
Saa saba mchana, kata baada ya kata,
nikamwaga juu ya majani, hadi sahani za chini zikafurika.
Kufika Ijumaa asumini ina madoa ya moto,
mrehani umelalia ubavu,
na lile kangaga alilolitoa Amani,
akalishusha milimani mapajani mwake
kama mtoto mwenye homa,
limegeuka rangi ya chai ya rangi.
Nikainama kunusa kopo. Lilinuka bwawa.

Nikampigia. Kangaga sikulitaja.
Nikasema tu, "Huku joto."
Akanyamaza. Nyuma yake sufuria iligonga sufuria.
"Umewanywesha mchana."
(Husema "wa", kama watu.)
"Mizizi imo koponi, Mhina, na kopo limo juani.
Ukitia maji saa hizo unapika supu.
Ngoja alfajiri. Au jioni, ukuta ukishapoa.
Na kabla ya maji, kidole.
Tia kidole hadi kiungo cha pili.
Kikitoka kimeshika udongo, mwache.
Kikitoka kikavu, mpe, shinani, taratibu.
Na huyo wa dirishani mtundikie kanga kuukuu."

Kidole!
Miaka ishirini na sita ghalani nilipima katani kwa kiganja,
robota kwa robota:
hili bichi, litavunda melini; hili sawa, lipite.
Makarani walidhani nina dawa.
Nyumbani mkono huohuo haukujua kitu,
si unga umekolea maji kiasi gani,
si paji la Tunu lina moto kiasi gani usiku wa manane.
Hayo nilimwachia mwenye mikono yake.

Basi sasa naamka kabla ya jogoo wa kina Shebila.
Maji ya bomba huja usiku, yakipenda;
nayakinga ndooni, nayaacha yatulie.
Ya kuoshea mchele nampa mchaichai.
Nimewakusanya wote ukumbini, karibu na mtungi,
bega kwa bega, wapeane jasho.
Mjukuu wa Shebila amenichungulia mlangoni:
"Babu, unawaamkia?"
Nikamwambia apite zake. Kisha nikaona
kweli, kabla ya kidole, huwa nasema kitu.

Mwanjaa amerudi Machi, joto lingalipo.
Hakuvua viatu. Hakuniuliza nimekula nini.
Amenipita na harufu ya safari, amechuchumaa,
amehesabu kwa midomo: kumi na sita.
La kumi na saba halina jani hata moja.
Nilikata yaliyokauka kwa mkasi wa kucha,
nikabaki na udongo,
na kila alfajiri nikautilia kidole kama wenzake,
na ukikauka, maji.

Akatia chake. Kiungo cha kwanza. Cha pili.
"Unyevu uko sawa," alisema.
Akakitazama kile kidole kwa muda.
"Humu ulikuwa unamnywesha nani?"

Ndipo nikamuuliza mtoto amepewa jina gani.