Nyuzi Sabini na Tano

Kerubo aliniletea kipande cha gazeti
kilichokunjwa mara nne ndani ya bahasha ya stima:
kakake, Momanyi, mwaka wa tisini na moja,
kasimama kando ya injini ya reli,
koti la mirabaraba, kofia mkononi.
"Ni hii tu. Zingine ziliungua na nyumba."
Mazishi Jumamosi. Nakala mia mbili.
Leo Jumatano, saa tisa, na Kirinyaga Road
inanuka tairi mpya na rangi ya mashine yetu.

Nikamweka chini ya lenzi.
Momanyi akatawanyika:
nukta nene kwenye ndevu, nukta za mtama shavuni,
safu kwa safu, zimelala nyuzi arobaini na tano
kama alivyozilaza mchapaji fulani
nisiyemjua, ambaye huenda naye ameshalala.

Nyuzi, nasema, na mteja hudhani nashona.
Ni kipimo cha mwinamo tu.
Ila lugha haikukosea sana:
tundika chandarua dirishani, utamwona jirani;
tundika cha pili juu yake, kimepinda kwa unywele,
yakaja mawimbi
ambayo hakuna mkono ulioyafuma.
Vyandarua vyote viwili ni vizima.
Kosa liko katikati yao.

Kazi ya rangi nne naijua kama caretaker ajuavyo ploti.
Nyeusi nampa arobaini na tano, maana ana kelele
na jicho humvumilia akikaa mshazari.
Samawati kumi na tano. Majenta sabini na tano.
Thelathini baina ya mlango na mlango, watu walale.
Manjano hakubakiziwa chumba,
anabanwa kwenye sufuri, ukuta kwa ukuta na samawati,
na wanagombana, naam, kila usiku,
lakini sauti ya manjano ni ndogo, nani atasikia?

Huyu sasa ni wa rangi moja, na tayari ana nukta zake.
Nilijaribu arobaini na tano juu ya arobaini na tano.
Uso ukaota miduara
kama dimbwi lililorushiwa kokoto.
Nikapinda hadi hamsini: miduara ikageuka vigae.
Virdi akapita nyuma yangu, akahesabu filamu kwa macho,
akasema karatasi haifi ila pesa zinakufa.
Stima ikapotea. Ikarudi.
Nikaififisha picha kidogo, kama anayetazama akiwa na usingizi,
nikaipeleka sabini na tano.

Uso ukatulia.
Paji, pua, kile kicheko cha upande mmoja.
Lakini koti! Mistari yake ilisimama wima, nyuzi tisini,
hatua kumi na tano tu kutoka kwa nukta zangu,
na mkono wa kushoto ukaanza kuchemka.
Kumi na tano nayo ingegombana na mistari ya kulala.
Arobaini na tano, basi, koti litulie,
na uso urudi dimbwini.

Uso au koti.
Hakuna pembe ya tatu, nimeitafuta
mpaka geti la mwisho la barabara likashushwa.

Alhamisi Kerubo alikuja na dada zake wawili.
Nikaanza kueleza, nyuzi hivi, nyuzi vile,
nikifunika mkono wa kushoto kwa kidole gumba
kama mwizi wa mtihani.
Mkubwa wao akakiondoa kidole.
Akatazama yale mawimbi muda mrefu,
akacheka mpaka akaketi juu ya rimu za karatasi.
"Hili koti! Mama alikuwa akimwambia alivue mezani,
lilimtia kizunguzungu."

Wakalipa. Wakahesabu nakala, mia mbili na tatu.
Zile tatu za ziada sikuzitoza.
Niliosha rola, nikazima taa ya meza,
na nikitoka nikapita seng'enge ya Virdi
iliyo mbele ya seng'enge ya jirani:
nikatembea, zikachemka; nikasimama, zikasimama.
Nikarudi nyuma hatua moja.