Vuguvugu

Taa yake inawaka. Sahani ya kioo inazunguka.
Inanguruma, inahesabu dakika kurudi nyuma,
inalia mara tatu kama mtu aliyetimiza wajibu,
nami nafungua mlango, natia kidole kwenye kande:
baridi.
Baridi ya Uyole, mwezi wa saba,
ile inayokusubiri chooni alfajiri.

Bupe yuko Kyela kwa mama yake aliyevunjika nyonga,
wiki ya tatu sasa.
Kaacha friza imejaa makopo ya siagi,
kila kopo na siku yake kwa kalamu nyekundu.
Hakuandika mahali popote
nifanyeje mashine ikigoma.

Nikaanza na ninayoyajua.
Nikachomoa, nikahesabu hadi sitini, nikachomeka.
Nikajaribu soketi ya pasi, nikajaribu ya redio.
Nikasugua kingo za mlango kwa siki,
nikamtoa mende mmoja, mwenye nyumba kuliko mimi.
Nikatazama luku: uniti kumi na nne.
Siyo njaa basi.

Nikachana karatasi kwenye daftari la mahesabu ya viazi:
kikombe kimoja cha maji, dakika mbili.
Alhamisi, saa moja jioni: vuguvugu.
Ijumaa, saa moja na nusu: vuguvugu, tena la shingo upande.
Jumamosi, saa moja: ya kumwogeshea mtoto.

Jumapili baada ya ibada nikashika bisibisi.
Skrubu ya tatu ilikuwa mdomoni
Lugano, fundi wa Mwanjelwa, aliponipigia.
"Mzee Mwasandube, weka chini hiyo kitu.
Humo ndani kuna kapasita.
Hata ukichomoa waya, yenyewe imekamata umeme,
kimya, inangoja mkono."

Nikaweka chini.
Mtu wa namna hiyo namfahamu.
Nilikuwa yeye miezi minne,
mwaka ule Bupe alipouza mbegu bila kuniuliza.

Jumatatu asubuhi Lugano akaja na mkoba wake,
akaweka kikombe, akabonyeza, akakunja mikono.
Dakika mbili.
Maji yakachemka mpaka yakamwagikia sahani.
"Mzima huyu, mzee," akasema,
na elfu kumi yangu ikaingia mfukoni mwake.
Nilibaki kama mgonjwa
ambaye homa imemshuka mlangoni kwa daktari.

Jioni, kikombe kilekile, dakika zilezile:
vuguvugu.

Nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake gizani
kama anayemvizia mwizi wa kuku.
Ndipo nikasikia, ng'ambo ya ukuta wa matofali,
mashine ya kusaga ya Mama Anyosisye ikikohoa, ikishika kasi,
na nilipowasha taa ya sebuleni ikaja imeinamisha kichwa,
nyekundunyekundu, kama kiini cha yai.
Jioni yote hiyo mtaa mzima unanyonya waya mmoja,
na mashine ile ndiyo mtoto mkubwa.

Saa tano usiku kinu kikanyamaza.
Nikavaa koti la Bupe, lililokuwa karibu,
nikaweka kikombe.
Mvuke ukapanda mpaka kwenye miwani yangu,
sikuona kitu, nikacheka peke yangu jikoni.

Nikampigia. Hakuwa amelala.
"Limepona hilo likabati lako?"
"Halikuwa linaumwa."
Akanyamaza kidogo. Nyuma yake chura wa Kyela
walikuwa wanafanya mkutano.
"Na wewe ulikuwa umeshalifungua," akasema.
"Skrubu tatu tu."
"Tatu," akasema.

Nimekula kande za Jumanne usiku wa Jumatatu.
Zimeunguza ulimi.

Nani ataenda kumwambia Mama Anyosisye azime?
Si mimi.
Debe langu la mahindi liko hapo mlangoni,
nimeshalipepeta,
na zamu yangu ni kesho, saa moja jioni.