Dakika Tatu

Erie, Pensilvania. Jumatano, theluji ya magotini.
Tumejaza fomu kwa kalamu ya kuazima:
jina, mtaa, ajenda namba kumi na moja,
basi la usiku, lile wanalotaka kulifuta.

Ajenda namba nne ni mbwa.
Wafungwe kamba bustanini, au waachwe?
Madiwani wakabishana dakika arobaini,
nami nikahesabu taa za darini. Mbili zimekufa.

Kisha: "Feza Mulonda."
Akainuka na koti lake la kiwandani,
harufu ya kuku bado imo kitambaani,
zamu ya leo ameiacha bila malipo.
Akakishusha kipaza sauti, kirefu mno kwake.

Taa ya kijani.
"Natoka kazini saa nane usiku," akasema,
"na mguu wangu si gari."
Mmoja alicheka. Mwenyekiti hakucheka.
Taa ya njano. Akataja kituo, mlingoti usio na taa,
akaanza kuwataja wenzake sita, polepole,
kama mwalimu anayeita mahudhurio.
Nyekundu ikawaka kabla ya jina la tano.

Akarudi kuketi. Sheria ni sheria.

Mzee Kowalczyk, aliyekuja kulalamikia mashimo ya barabara yake,
akasogea mbele, akavua kofia.
"Mashimo yangu yatangoja," akasema.
"Mama, hao wawili waliobaki wanaitwaje?"

Hatukushinda. Wameahirisha hadi tarehe kumi na nane.
Nimeiandika kiganjani, kwa kalamu ileile
ambayo, kumbe, sijairudisha.