Kitufe cha Saba

Kazi yangu ni utepe.
Ule mwekundu, chini ya videvu vya watangazaji,
unaopita mbio kama aliyeiba.
Ghorofa ya nne, Noida, zamu ya usiku,
chai imeota ngozi kwenye kikombe cha karatasi,
na mbele yangu vitufe kumi na viwili:
cha tano, MOJA KWA MOJA;
cha sita, KWETU PEKEE;
cha saba (uso wake umelika, namba haisomeki tena)
HABARI ZA HIVI PUNDE.

Hivi punde, mwigizaji amenyoa ndevu.
Hivi punde, nyati wa maziwa ametumbukia kisimani huko Etawah,
akatolewa, akala majani, akalala,
nasi bado twamtoa
tangu saa nne hadi saa saba na nusu.
Hivi punde, jana.
Hivi punde, waziri atasema jambo kesho,
na wachambuzi wanane ndani ya visanduku vinane
wanaligombania jambo hilo ambalo halijasemwa,
majogoo wanane juu ya punje iliyochorwa.

Bwana Pachauri, msimamizi wa zamu, hakai.
Husimama nyuma ya kiti changu akitafuna iliki.
"Vrinda, tia rangi. Mbona kioo kimepauka?"
Namwambia: ni kikao cha bei ya vitunguu, bwana.
"Basi vitunguu vimelipuka."
Nikaandika: VITUNGUU VYALIPUKA.
Ngoma ikapigwa, ile ya kompyuta, du-du-dum,
herufi zikaruka kutoka upande wa kulia.
Stesheni tatu za jirani nazo zikalipua vitunguu vyao,
kila moja KWETU PEKEE.

Mama, kule Bareilly, zamani akiuona utepe
aliweka mkono kifuani, akazima jiko, akanipigia:
"Kuna vita?"
Hakuna, mama. Ni ndevu.
Siku hizi televisheni yake haina sauti.
Ameitandikia kitambaa cha kufuma, na huitumia
kama taa ya kuchagulia mawe kwenye dengu.
Anasema nyekundu yetu inamchosha macho kidogo,
ila mawe yanaonekana vizuri.

Juzi, saa tisa kasoro, simu ya mwandishi wa Shahjahanpur:
treni ya usiku, mabehewa sita, ukungu.
Niliijua namba ya treni ile.
Kaka yangu Devashish huipanda kila Alhamisi
na begi lake la sampuli za vigae.
Bwana Pachauri hakusema kitu.
Nikatafuta katika rangi zote za mashine ile
nyekundu iliyo nyekundu kuliko nyekundu.
Nikatafuta neno. Punde, tumeshalila. Dharura, tumeshalitafuna.
Mshtuko tuliumaliza kwenye vitunguu.
Vidole vyangu, vyenyewe, vikaenda cha saba.
Du-du-dum.

Alfajiri alinipigia kwa simu ya dereva wa lori la miwa:
mzima, na ndala moja.
Nikalia mbele ya watu,
na watu wale ni watu wa habari.
Alipofika kona ya nyumbani, kabla hajagonga,
gari letu lenye ungo juu ya paa lilikuwa limeshaegeshwa.
"Ni wako," Bwana Pachauri aliniambia,
kwa upole, nasema kweli, kwa upole kabisa.
"Basi safari hii haitakuwa uongo: kwetu pekee."

NDALA MOJA, niliandika. MANUSURA ASIMULIA.

Simu ikalia. Mama.
"Vrinda, naona geti kama letu kwenye televisheni,
na mtu amelipa mgongo, na chini yake ile rangi yenu.
Sijavaa miwani.
Ngoja nichungulie dirishani.
Kwani hapa kwetu kumetokea nini?"