Swali la Nne

"Jaza pengo kwa tanakali ya sauti ifaayo."
Karatasi arubaini na moja mezani, mwongozo mkononi,
chai imeshika utando.
Alianguka majini: chubwi. Matopeni: tapwi.
Mchangani tifu, sakafuni pa.
Kiswahili hakimkubalii mtu aanguke hivi hivi,
kwanza kitamuuliza: umeangukia wapi?

Nafundisha hapa Bahati, karibu na barabara ya Jogoo,
na darasa langu huandika linachosikia.
Maji ya bomba, kwa Omwenga, ni kho, kho, halafu hewa,
maana Jumanne hadi Alhamisi bomba letu hukohoa tu.
Mwingine kapigia mstari neno pikipiki,
akaongeza pembeni kwa mwandiko wa kuku:
"Hii nayo ni sauti, Mwalimu, ila imepewa namba ya usajili."
Nilicheka peke yangu,
nikampa alama ambayo mwongozo haukuitaja.
Wale walioandika pe ya weupe na ti ya weusi
niliwakata. Rangi hailii,
niliwaambia tangu muhula wa kwanza.

Kisha karatasi ya Mutanu Kiilu.
Fundi aligonga bati kwa nyundo, pengo.
Mwongozo: ngo! ngo! ngo!
Mutanu: jii.

Jii ni ya kimya, hata wa darasa la tatu anajua.
Nikatia kosa jekundu, kalamu ikafanya kwaru,
nikamalizia chai ile ile.

Jumamosi nikashuka Kamukunji
kumnunulia mpwa wangu sanduku la kwenda nalo bweni.
Mabanda yale, we acha.
Ngo, nge, tingitingi, bati likikunjwa gwaa,
msumeno ukiguna ndani ya chuma,
na bei hutajwa kwa vidole, maneno hayafiki.
Fundi mmoja kaubana ukingo wa sanduku kwa magoti.
Nikauliza bei. Nikapaza sauti. Nikapiga kelele.
Aliitazama midomo yangu
kama mtu anayesoma saa ya ukutani kutoka mbali.

Mutanu akatokea nyuma ya mashuka ya mabati,
masizi hadi viwikoni,
akamgusa begani mara mbili, akanielekeza kwa kidevu.
"Baba hasikii, Mwalimu. Tangu nikiwa darasa la pili."
Alisema akipakua misumari, kama anayetaja saa.
Swali la nne hakuligusia.
Mimi pia sikuligusia.

Fundi akainua nyundo.
Safari hii sikulitazama bati, niliutazama uso wake,
kope zilizotulia, mdomo uliolegea kidogo,
na nyundo ikashuka
ikatua
jii.

Nililipa alichotaja, sikupunguza hata shilingi.
Nikalibeba sanduku kichwani hadi nyumbani, tupu,
komeo likigonga kocho, kocho kila hatua,
watu wakinipisha.

Alama zilishapelekwa ofisini, zimepigwa muhuri.
Usiku nikaufungua mwongozo,
na pembeni mwa ngo! ngo! ngo!
nikaandika kwa penseli: au jii.
Kisha nikarudi ukurasa wa nyuma
kuitazama tena ile pe ya weupe.