Kiwanja Namba Kumi na Saba

Barua ya Jimbo ilifika Jumanne, haina hata salamu:
Mji wa Palo Seco, ndani ya miaka minane,
uoneshe nafasi ya nyumba elfu moja mia mbili na kumi na nne.
Haikusema tujenge. Jimbo halijengi, nasi hatujengi.
Tuoneshe tu mahali ambapo mtu, akija na mbao na misumari yake,
hatakuta tumetia komeo.

Mimi ndiye mwenye kalamu za rangi.
Buluu ni wenye nazo, kijani wa wastani,
chungwa wa chini, na nyekundu
ni wale ambao lugha ya ofisini huwaita
*chini sana*, kana kwamba wamezama.

Penye nia pana njia; penye Kilima cha Encina pana mawakili.
Huko sikugusa.
Bondeni, mto hurudi kila baada ya miaka michache kudai chake.
Kando ya reli, udongo umekunywa dizeli hadi ukalewa.
Nikabaki na vijipande, navikamua kama ndimu ya juzi:
maegesho ya Wamethodisti, ishirini na mbili;
benki iliyohamia ndani ya simu, arobaini na moja;
kiwanja namba kumi na saba, thelathini na nane, zote nyekundu.

Namba kumi na saba ni duka la donati la Bi Sokhanya Prum.
Nanywa kahawa yake tangu mwaka niliponyoa ndevu.

Usiku wa kusikiliza wananchi, ukumbi ulijaa hadi koridoni.
Bwana Thornquist alileta picha za nyanya zake
na saa ya mkononi, atuoneshe dakika ambayo kivuli kitazifikia.
Daktari mmoja alisema, "Naunga mkono nyumba, lakini..."
akapigiwa makofi mara mbili:
machache kwa *naunga mkono*, mengi kwa *lakini*.
Itzel Barragán, anayewafundisha watoto wao kusoma,
alipewa dakika mbili. Moja aliimaliza akiomba radhi
kwa kuchelewa; ametoka Modesto, barabara ilikuwa imeziba.

Jimbo likajibu mpango wetu kwa kurasa kumi na moja.
Ukurasa wa sita: *Kiwanja 17 kina biashara hai.
Thibitisheni kwamba itakoma.*

Saa kumi na moja alfajiri nilisukuma mlango wake.
Paka wa dhahabu alikuwa akipunga mkono kama kawaida,
hajui anamkaribisha nani.
Nilieleza vibaya. Nilisema *fursa*. Nilisema *hakuna anayekulazimisha*.
Nilitandaza karatasi kati ya sukari na visodo vya unga,
nikaonesha pa kutia sahihi.

"Nyumba hizo za nani?"
Za kipato cha chini sana, nikasema.
"Hicho ni kiasi gani?"
Nikataja. Akacheka hadi akashika kaunta.
"Basi ni zangu! Tuko saba, vyumba viwili,
mwanangu hulala tukiamka."
Kisha akaacha kucheka, akageuza donati kwenye mafuta
moja baada ya nyingine, bila haraka, zote.
"Nikishaishi hapa, nitafanya kazi wapi?"

Labda ghorofa ya chini, nikasema. Labda duka jipya.
*Labda*: ndilo neno ambalo mpango wote umesimama juu yake,
nami nililitamka kama mtu anayejaribu barafu kwa ncha ya kiatu.

Hakukataa. Hakutia sahihi.
Aliiweka karatasi chini ya paka, akasema, "Rudi Alhamisi,"
akanifungia sita kwenye kisanduku cha waridi
na, kwa mara ya kwanza, akanilipisha zote sita.

Kwenye jedwali, safu ya mwisho, nimeandika:
*mazungumzo na mwenye duka yanaendelea.*
Jimbo litapenda sentensi hiyo.
Thelathini na nane bado zimo katika jumla.
Leo ni Jumatano. Nimepitia barabara nyingine kwenda kazini.