Kikohozi

Mkutano ulikuwa wa saa nne. Chai haikuja.
Bwana Lugwisha wa makao makuu alifungua kompyuta yake
akatuonyesha duka la vitabu la nchi ya mbali:
taa za manjano, makochi, mtambo wa kahawa,
vitabu vimelazwa mezani kama sato pale Mwaloni,
ubavu juu, vinang'aa, vinasubiri bei.
"Tuige," alisema. "Maktaba imekuwa makaburi yenye namba."

Sikujibu. Nilihesabu vigae vya dari.
Miaka kumi na tisa nimezipanga namba hizo.
Umeme ukikatika, mkono wangu unaijua
mia tano tisini na saba: samaki, rafu ya chini,
kando ya dirisha lisilofungika,
ambako kila mwezi ukiandama wadudu wa ziwani
huingia kama moshi, wakafia kati ya kurasa
bila kuazima chochote.

Mchana nikateremka mjini, duka la Nyanjige,
lililobanwa kati ya fundi simu na muuza nyavu.
Nikasimama kama mteja, mikono mgongoni.
Na ni kweli, acha iniume:
vitabu vyake vinakutazama.
Kimoja cha ufugaji nyuki kilinikonyeza,
mimi nisiyefuga hata paka,
nikajikuta nauliza bei ya mzinga.
Vyangu vimempa msomaji mgongo
kama mume na mke waliolala na ugomvi.

Hapo ndipo nikamwona kijana wa kiwanda cha minofu,
mabuti meupe, harufu ya sangara imemtangulia,
anasoma kwa kusimama, harakaharaka,
kama anayekunywa maji ya mtungi wa watu.
Nyanjige si mkali. Alikohoa tu,
kile kikohozi ambacho kila duka linacho.
"Unachukua, mwanangu?"
Kijana akafunga kitabu.
"Themanini na mbili," akanong'ona, si kwa yeyote,
akatoka na ukurasa wake mdomoni
kama mtoto aliyetumwa chumvi, anarudiarudia asisahau.

Nilimfuata mpaka kona ya wauza mitumba.
Kumwita nikashindwa.
Ningemwambia nini?
Kwamba kitabu kile kile tunacho, bure,
hapo juu tu, nyuma ya mlango ulioandikwa KIMYA,
alete barua ya mwajiri, picha mbili,
sahihi ya mwenyekiti wa mtaa,
na mabuti ayavue nje?
Sisi nasi tunakohoa, Bwana Lugwisha.
Tunakohoa kwa maandishi.

Kahawa ilete, sikatai. Kochi nalo,
miguu ya wazee wa magazeti itashukuru.
Ila duka lina macho mawili:
moja la kukukaribisha, moja la mfuko wako.
Ukiiga, angalia unaazima jicho lipi.

Jioni hiyo nilibaki.
Nikageuza kitabu kimoja, uso mlangoni.
Kikageuka cha pili. Cha ishirini na sita
kilikuwa na muhuri wa mwisho wa Juni 1994,
na jani la mpera lililokauka ndani,
alama ya mtu ambaye hakurudi kumalizia.
Nikaliacha palepale.
KIMYA nikaubandua; gundi ikabaki na herufi M.

Saa mbili kasoro, Mashauri mlinzi akachungulia,
akauliza kama tunahamishwa.
Kisha macho yake yakaganda mezani:
injini za boti, michoro, bomba kwa bomba.
"Hiki shilingi ngapi?"
"Hakina."
Akakigeuza nyuma kutafuta bei,
akanitazama kama nimemuuzia mali ya wizi.
Akaketi taratibu, ncha tu ya kiti,
tochi begani, kidole juu ya mstari.

Vumbi lilikuwa limenikaba koo.
Nikavuka ukumbi kwa vidole vya miguu,
nikapita geti, nikaenda mpaka nyuma ya lile jiwe kubwa,
ndipo nikakohoa.